Mahali pa Miguu ya Noël

Kabla jua halijakausha majani ya migomba, Noël alikuwa tayari amepita kwetu. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kuangalia kabwato. Lakini kabwato kalikuwa katika uwanja wetu, na mimi nilikuwa katika uwanja huo huo, na hilo lilinitosha. Alimsalimia baba, akainama, akapitisha kiganja ndani ya tumbo la mti, kisha akaniambia bila kuinua macho, "Umekwangua muzuri, dada Naomie." Neno hilo nilikaa nalo mpaka jioni.

Kabwato ni mtumbwi mdogo kuliko mitumbwi yote ya hapa Walikale. Mitumbwi mingine hubeba mawese, mihogo, magunia ya mpunga, hata pikipiki ya mtu asiyetaka kulipia njia ndefu. Kabwato hakabebi mzigo. Kanabeba mtu mmoja, naye amesimama, mkononi ana upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na kazi yake ni kucheza tu. Chini ya daraja maji ya Lowa hugonga mawe na kufanya wimbi ambalo haliendi popote, linakaa pale pale likinguruma. Juu ya wimbi hilo vijana huzungusha tubwato kama pia, huzamisha pua mpaka maji yawafike kifuani na kuibuka tena, huruka. Siku ya Bonane, mwaka unapoanza, mji wote hushuka mtoni kuwatazama.

Mchezo huo ni wa zamani, lakini aliyeuwasha upya ni Noël. Aliwahi kufanya kazi Goma, kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, akiosha jetiski, zile mashine za maji ambazo mtu hupanda akiwa amesimama. Aliporudi alimweleza baba yangu, Papa Floribert, mchongaji.

"Papa, kule batu banabadirisha tumbo ya jetiski. Moteri inabaki ileile. Banatosha tumbo ya kiwanda, banaweka ingine, fupi, nyepesi, pua imepanda. Njo inaruka sawa chura."

"Na bo banachonga?" baba aliuliza.

"Hapana, Papa. Ni plastiki. Banamwanga mu forme, sawa matofali, inakauka."

"Basi hawachongi. Banapika." Baba alicheka peke yake. Lakini jioni ile nilimwona akichora pua fupi iliyopanda juu, kwa kidole, kwenye vumbi la mlangoni.

Alikata mti msituni, akauleta umeshachongwa nje. Ndani ilikuwa kazi yangu. Tangu mama afariki, tumbo la kila mtumbwi wa baba nalikwangua mimi, kwa kipande cha panga kilichonolewa, mpaka mkono ukipita usikute hata unywele wa mti uliosimama. Niliacha shule mwaka wa tatu, na kwa watu sisemi sana. Ndani ya mti hakuna anayeniuliza kitu. Kabwato ka Noël nilikakwangua polepole kuliko yote, maana kakiisha, na yeye angeacha kupita.

Kukwangua si mwisho wa kazi. Mwisho ni miguu. Tunachemsha utomvu wa mti, tunachanganya na unga wa makaa na mchanga laini, tunamwaga pale ambapo mpandaji atasimama. Ukipoa kidogo, kiasi cha kuvumilika na ngozi, mpandaji analowesha miguu yake na kuingia. Anasimama hapo bila kutikisika mpaka utomvu ushike. Akitoka, nyayo zake zinabaki. Hata maji yakimgeuza vipi, miguu yake inajua pa kurudi. Kuanzia hapo kabwato kana mwenyewe. Baba hakubali kukwangua nyayo za mtu na kuweka za mwingine. Ukimwomba, anakuuliza, "Unataka nimukwangue muntu?" Na mchongaji mwenyewe hasimami humo kamwe. Wanasema akisimama, kila chombo atakachouza kitamrudia mlangoni.

Kwa hiyo nilikuwa nangoja siku ya miguu. Siku hiyo Noël angekaa kwetu asubuhi nzima, asiweze kwenda popote, miguu imeshikwa, na mimi ndiye ninayemwaga utomvu. Nilishawaza hata nitasema nini. Nilikuwa na maneno matatu mazuri.

Ndipo Mukashema akaja.

Alishuka kutoka vilima vya Masisi pamoja na mjomba wake, Papa Jado, na ng'ombe wawili waliobaki kati ya wengi. Walipata nyumba ng'ambo ya njia yetu, mbali kiasi cha kelele ya mtu kumfikia mwenzake. Papa Jado alikamua na kuuza maziwa, na kati ya kukamua na kukamua alichonga vyombo vya kukamulia, vile wanavyoviita ibyansi, kutoka mti mwepesi. Vyombo vyake vilikuwa vyembamba ajabu. Ukikiinua kimoja mbele ya jua, ulidhani utaona vidole vyako upande wa pili.

Noël alienda kununua maziwa. Akainua chombo kwa kidole kimoja. Kesho yake hakupita kwetu.

Habari nilizipata kwa Mama Francine, muuza beignets, yale maandazi, wa kwenye daraja, ambaye hakuna kinachovuka bila yeye kujua. Alinikuta uwanjani natwanga sombe, majani ya mihogo.

"Naomie, mchumba wako anakunywa maziwa sasa."

"Si mchumba wangu, Mama."

"Eh! Basi ile sombe ilikukosea nini? Unaitwanga sawa unaua nyoka."

Nilienda kuona. Sikuingia, nilipita tu njiani na ndoo tupu, kisha nikapita tena na ndoo ileile ikiwa bado tupu. Noël alikuwa amechuchumaa mbele ya Papa Jado, anachora kwenye vumbi pua fupi iliyopanda juu. Ile yetu! Aliichora kwa kidole kama baba alivyofanya. Na Mukashema alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anacheka kwa sauti ambayo haikuomba ruhusa kwa mtu.

Nitasema alivyokuwa, ingawa sikupenda kumtazama. Alikuwa mrefu. Shingo yake ilibeba kichwa kama mtu anayebeba kitu kisichomwagika. Kati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya, na alipocheka mwanya huo ulionekana kwanza. Mimi nikicheka naziba mdomo na kitenge. Yeye alimwita "Noheli", na jina lile, ambalo mimi sikuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe, kinywani mwake lilikuwa kama jina la ng'ombe wao.

Papa Jado alichonga kabwato kwa mti ule ule wa vyombo vya maziwa. Hakuwa amewahi kuchonga mtumbwi. Alichonga chombo cha maziwa kirefu chenye pua, basi. Kila siku nilisikia tezo lake ng'ambo ya njia, tik, tik, tik, lepesi kama kuku anadonoa, na lile la baba upande huu, to, to. Nilichukia ule mlio. Nilikwangua kwa nguvu ili nisiusikie, mpaka baba akanishika mkono.

"Weye, unataka tutoke upande ingine? Acha, inatosha."

Noël alisema atajaribu vyote viwili kwenye maji yaleyale, siku ileile, halafu achague. Baba hakukasirika. "Muntu anapima suruali mbili," alisema, "anaenda na moja." Mimi nilikasirika kwa niaba yake.

Siku ya kujaribu, baba na mimi tulibeba kabwato ketu kichwani, yeye mbele, mimi nyuma, na njiani tulipumzika. Mukashema alikuja amebeba kao peke yake, begani, mkono mmoja, mwingine akimpungia Mama Francine ambaye alikuwa hajamjua hata mwezi. Nilikasogelea. Kalikuwa kazuri. Ningekuwa nadanganya kama ningesema vingine. Mbavu zake zilikuwa nyembamba na sawasawa kutoka pua hadi mkia, bila bonde, bila kovu la tezo. Nilitafuta kosa kwa macho, kisha kwa kidole, nikijifanya naondoa jani. Sikupata.

"Unapenda, dada?" Mukashema aliniuliza.

"Iko nyepesi," nilisema ndani ya kitenge.

"Haa? Sema nguvu!"

"Anasema iko nyepesi," baba alisema.

Noël alivua shati. Kwanza alizungusha. Ketu kaligeuka vizuri lakini kwa heshima, kama mzee anayeitwa kutoka nyuma. Kao kalizunguka hata kabla hajamaliza kuegemea upondo, kakazunguka tena, na watu waliokuwa darajani wakapiga kelele.

Kisha alizamisha. Alikanyaga pua ya ketu, ikashuka taratibu, maji yakamfika kifuani, na kwa muda tuliona mtu tu anatembea ndani ya mto bila chombo. Halafu pua ikarudi juu, na maji yakamwagika yenyewe pande zote mbili, maana baba alikuwa ameinamisha mbavu kwa nje. Nilipiga kofi moja, nikajizuia. Kao alipokakanyaga kalikataa. Kalikuwa kama kibuyu kikavu: ukikisukuma chini, kinatoka kwa pembeni. Kalimtupa mbali, akaibuka akitema maji, anacheka.

Mwisho wimbi. Ketu kaliruka kimo cha mkono. Kao kaliruka mpaka tukaona mwanga chini yake, mwanga na matone, na Noël juu amepanua mikono. Mukashema alipiga kelele ya furaha. Nilitazama uso wa Noël alipotua. Hakutazama watu, wala baba, wala wimbi. Alitazama kelele ile ilipotoka.

"Ah!" alisema alipofika ukingoni, akihema. "Kama ningekata pua ya ile ya Papa Jado na kushonea mukia ya hii ya Papa Floribert!"

"Enda Goma bakupikie," baba alimjibu.

Wakati wanacheka, Mukashema alifunga sketi yake magotini, akaingia ndani ya kabwato kao pale maji yalipokuwa kina cha goti, akasimama. Akakatikisa kushoto na kulia kwa kiuno. Karibu aanguke, akakamata hewa, akabaki wima. Hakuomba mtu. Hakuna aliyemkataza.

Hapo wivu wangu ulibadilika rangi. Mpaka saa ile nilimwonea wivu kwa sababu ya Noël. Sasa nilimwonea wivu kwa miguu yake. Mimi nilijua kila fundo la mti katika kabwato ketu, nilikuwa nimekakwangua mpaka vidole vikatoa damu, na sikuwahi hata siku moja kuweka unyayo wangu ndani. Sikukatazwa. Wazo lenyewe tu halikuwahi kunijia, na yeye lilimjia siku ya kwanza.

Kesho yake Noël alikuja kwetu mapema kama zamani.

"Papa Floribert, mi nachukua yako. Ku Bonane batu banataka kuona muntu anazama, banamulilia, kisha anarudi. Kuruka tu, hata chura anaruka."

Nilikuwa nyuma ya nyumba na nilisikia kila neno. Niliushika ukuta.

"Basi kesho, kisha misa, uje uweke miguu," baba alisema. "Usichelewe. Utomvu haujue kungojea."

"Siwezi chelewa, Papa. Hata dada Naomie anajua mi nafika mapema."

Anajua kwamba najua! Usiku ule sikuwa na njaa.

Jumapili nilisuka nywele upya, nikavaa kitenge cha sikukuu ya Noeli kabla ya sikukuu yenyewe. Misani sikuelewa mahubiri. Nilirudi mbio, nikawasha moto, nikaweka utomvu kwenye chungu, nikatwanga makaa, nikachekecha mchanga mara ya pili ingawa ulikuwa safi. Utomvu ukayeyuka, ukawa mweusi, ukatoa harufu ile ya msitu unaoungua kwa mbali. Baba alikaweka kabwato juu ya magogo kando ya ukuta ili kasitikisike, akasikiliza njiani.

"Misa imetoka?"

"Imetoka, Papa. Nimemuona nje ya kanisa."

"Basi iko njiani. Mwanga."

Nikamwaga. Utomvu ulitandaa polepole katika tumbo ambalo nililijua, ukajaza mahali pa mguu wa mbele na mahali pa mguu wa nyuma, ukatulia, ukang'aa. Tulingoja upoe. Baba aligusa kwa nyuma ya mkono, akaguna. Bado. Akagusa tena. Sasa. Akatazama njia. Njia ilikuwa na mbuzi mmoja.

"Noël iko wapi?"

Hatukuhitaji kuuliza. Ng'ambo ya njia kile kicheko kilipaa juu ya migomba, na nyuma yake cha mwanamume.

"Kimbia umuite," baba alisema.

Nilikimbia. Noël alikuwa amekaa juu ya kigoda cha Papa Jado, shati lake la misani limefunguliwa vifungo, na magotini alikuwa amelaza kile kitu chembamba, kabwato kao. Mukashema alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mkono wake ulikuwa umejaa mafuta ya ng'ombe, yale meupe yenye harufu ya moshi, na alikuwa anapaka ndani ya tumbo lote, taratibu, kutoka pua hadi pale pa kusimama. Kila mkono wake ulipopita, magoti ya Noël yalitikisika na yeye akacheka.

"Ilikauka kisha kutoka mu maji," Mukashema alinieleza, kana kwamba nilikuja kuuliza. "Usipopaka, inapasuka. Kwetu chombo ya mti tunakipaka, hatukiachake uchi."

Nilitazama pale pa kusimama. Palikuwa panang'aa kama jicho la samaki. Na mimi, ambaye sisemi, nilisema.

"Itateleza."

"Nini?"

"Miguu. Itateleza. Ile si ya maziwa, ni ya kusimama."

Mukashema alinitazama, na mwanya ukatokea. Hakunicheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Dada, mafuta inaingia ndani ya mti. Kesho hautaiona. Kunywa maziwa kwanza, umekimbia."

"Noël," nilisema. Mara yangu ya kwanza. Jina lilitoka dogo. "Utomvu uko tayari. Baba anakuita."

"Niko nakuya, dada. Mi namushikia tu amalize ku mukia. Sema Papa anipe dakika."

Dada. Siku zote aliniita hivyo, na siku zote nililisikia kama kitu laini. Saa ile nikasikia lilivyokuwa kweli. Ni neno unalompa mama wa sokoni, mtoto wa jirani, mtu yeyote anayepita na ndoo. Midomo ya Noël ilikuwa na maziwa. Mukashema alinyoosha mkono wenye mafuta, akampangusa kwa kidole kidogo kilichobaki safi, bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa chombo chake.

Nilianza kurudi bila kukimbia. Na nilipofika nilikuwa nimekimbia, maana nilihema.

"Iko wapi?"

"Anamushikia."

"Anamushikia nani? Anashika nini?"

Baba aliweka kidole kwenye utomvu. Juu ulikuwa umeanza kufanya ngozi. Sikuwahi kumwona baba anaogopa kitu cha mti, lakini nilimwona sasa.

"Ikikauka bila miguu, tumekwisha," alisema. "Itakuwa jiwe. Nitaukwangua namna gani? Humu chini umeshakwangua mpaka mwisho. Tezo ikiingia, itatokea mu maji." Aliinua kichwa akaita kwa sauti yake yote, "Noël! Noël weee!"

"Nakuya, Papa!" sauti ilijibu kutoka mbali, kwa furaha, na haikusogea.

Baba alitazama miguu yake mwenyewe. Akairudisha nyuma, kana kwamba kabwato kangeweza kuivuta. Akatazama njia tena. Mbuzi alikuwa ameondoka.

Nilivua ndala zangu. Nilimwaga maji ya kata juu ya miguu, mmoja, na mwingine. Sikuwa na wazo kubwa kichwani. Nilikuwa na kile kidole kinachompangusa Noël mdomo, na kile kiuno kinachotikisa kabwato mtoni, na vyote viwili vilinisukuma mgongoni kwa pamoja. Nilishika ukuta, nikainua kitenge cha Noeli, nikaingia.

Joto lilipanda mpaka magotini. Utomvu ulikataa kidogo, kisha ngozi yake ikapasuka, na vidole vyangu vikashuka kimoja kimoja, kama mtu anayehesabiwa na kukubaliwa. Baba alikuwa amesimama na kata mkononi, mdomo wazi. Nilifikiri atanivuta nje.

"Usitikisike," alisema mwishowe. "Uzito ku mugu ya nyuma. Pale. Usitikisike, mama."

Nikasimama. Hakuna mtu aliyenishika mkono, nilikuwa na ukuta tu. Sikutazama njia. Nilisikia kicheko kingine ng'ambo, na wivu ukapita mwilini mwangu kutoka juu mpaka chini, na ulipofika kwenye nyayo ulikuta hakuna pa kwenda, nikausikia unakaa pale pale.

Utomvu ulikuwa umeshika Noël alipoingia uwanjani, anafunga vifungo.

"Pardon, Papa, pardon. Bon, niweke miguu wapi?"

"Umechelewa. Kabwato kana mwenyewe."

Noël alicheka kwanza. Halafu aliona ndala zangu chini, na mimi nikiwa nimetoka, nimekaa kwenye gogo, nasugua weusi kwenye vidole. Akainama ndani ya tumbo la mti. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko siku zote alizowahi kuinama pale.

"Naomie? Naomie atasimama mu mto?"

Hakusema dada. Nilitambua hilo, na sikujua nilifanyie nini.

"Wewe ulikuwa na mahali pako pa kusimama," baba alimwambia. "Ulienda kukaa."

"Papa, tunaweza kukwangua…"

"Unataka nimukwangue mutoto wangu?"

Noël alinitazama. Kama angekasirika, ningefurahi. Kama angesikitika, ningeondoa kitenge mdomoni na kumwambia maneno yangu matatu. Alipandisha mabega. "Basi. Nitapanda kale ka Mukashema. Kanaruka vizuri." Na akavuka njia kwa haraka, haraka ya mtu aliyefunguliwa, sio ya mtu aliyepoteza. Mgongo wake ulinionyesha kwamba mahali pa miguu yake palikuwa ng'ambo tangu siku ya maziwa, na mimi nilikuwa nachemsha utomvu bure.

Nililia kidogo. Baba aliningoja nimalize.

"Sasa," alisema, "utasimama, ao utapanda maua humo ndani?"

Kila asubuhi mpaka Bonane alinipeleka nyuma ya matete, mahali ambapo hakuna daraja wala Mama Francine. Alishika mkia, mimi nikaanguka. Alishika mkia, nikaanguka upande mwingine. Siku moja niligeuka kumwambia ashike vizuri, nikaona yuko ukingoni, amekaa, anawasha sigara yake.

Siku ya Bonane mji ulikuwa umejaa kwenye ukingo, na darajani watu walibanana mpaka waendesha pikipiki wakatukana. Mama Francine aliniona na upondo, akaangusha beignet kwenye mafuta yakamrukia. "Naomie? Yule Naomie wa kitenge mdomoni? Yesu, mwaka umeanza!"

Noël alitangulia. Alikuwa amevaa nyekundu. Mukashema alikuwa kwenye jiwe la mwisho karibu na wimbi, sketi imefungwa, anaita "Noheli! Noheli!" na watu wengine sasa walikuwa wameanza kumwita hivyo hivyo. Kabwato kalikuwa kamepakwa tena asubuhi ile, kwa heshima ya sikukuu, na kaling'aa mbele ya mji wote. Alilisogelea wimbi, akapanua mikono, kakaruka. Kaliruka juu kuliko siku ile, mwanga na matone. Na angani, polepole kabisa, tuliona kabwato kanaenda upande wake na Noël upande wake, miguu yake ikitafuta kitu cha kushika na kupata mafuta matupu. Alianguka amekaa, kama mtu kwenye kiti.

Mji uliangua kicheko. Mukashema alishika kichwa. "Mafuta!" alipiga kelele. "Ni mafuta yangu!" Akaruka majini na sketi yake yote, akamfuata, wakakutana katikati, wamelowa, Mukashema anamwomba msamaha na anacheka, Noël naye anacheka. Nilikuwa nimekaa na ushindi wangu tayari mdomoni, lile neno "itateleza", na hakuna aliyelihitaji. Alianguka mbele ya mji wote na bado alikuwa na furaha kuliko mimi niliye mkavu.

"Ni wewe," baba alisema nyuma yangu. "Enda."

Niliingia. Mguu wa mbele ukapata shimo lake, wa nyuma ukapata lake. Nilisukuma upondo. Maji yalinichukua, wimbi likaja, nikakanyaga pua kama nilivyojifunza, na mto ukanipanda magotini, kiunoni, kifuani. Baridi. Kelele yote ya watu ikawa mbali. Nilirudi juu na maji yakamwagika pande zote mbili, na nikasikia mji mzima unaliita jina langu, na sauti ya Mama Francine juu ya zote.

Ndipo nikageuka. Nilitaka kuona kama Noël ameona. Alikuwa karibu na jiwe, amenipa mgongo, anautafuta upondo wake kwenye matete, na Mukashema anamwonyesha kwa kidole. Hakuwa ameona kitu.

Kwa kugeuka kule nilianguka.

Maji yalinizungusha, sikujua juu wala chini. Mkono ukagusa mbavu za mti, nikazijua, nikajivuta. Kabwato kalikuwa bado kanacheza kando ya wimbi, kananingoja. Nilipanda kwa tumbo, kama samaki, watu sasa wakinicheka mimi, na nikasimama bila kutazama chini. Nyayo zilikuwa pale.

Macho yalitaka kurudi kwenye lile jiwe. Yalitaka sana. Nikaweka uzito kwenye mguu wa nyuma, nikatazama wimbi.